Hadubini Iliyokwenda Kemondo

Jumatatu, 8 Oktoba 1973. Izimbya

Daktari wa Wilaya kapita leo. Zahanati itakayofanya utafiti wa maana kuhusu malaria itapewa hadubini. Moja tu! Sasa hivi damu tunaipeleka Bukoba kwa basi, na majibu yakirudi mgonjwa ameshapona au ameshazikwa. Naitaka hadubini hiyo kuliko nilivyowahi kutaka mke. Rugaibula, mganga mwenzangu wa zahanati ya Kemondo, naye anaitaka. Rugaibula! Chuoni alikuwa akinakili kwangu, leo anavaa tai.

Jumatano, 10 Oktoba

Wazo limenijia nikioga. Wanaume wa hapa hawataki klorokwini ya kinga. Eti dawa ni ya mgonjwa. Lakini nani amewahi kukataa akamwani? Kila mgeni akiingia hupewa punje hizo za kahawa kavu atafune. Basi nitapasua maganda, nitie kipande cha kidonge, nifunge. Watapata kinga bila kujua, nami nitatazama nani anaugua na nani haugui. Klaudia, mkunga wangu, kaniuliza kwa nini nisiwaeleze tu na kuwaomba. Nimemjibu kwamba sayansi haiombi ruhusa.

Jumapili, 14 Oktoba

Maafa. Niliwaalika wazee baada ya misa. Desturi ni mwenyeji kutangulia kutafuna, wageni wajue hakuna sumu. Nilijipanga! Niliweka punje safi ukingoni mwa kikapu, yangu. Mzee Mwijage akanizuia mkono. Akasema mganga anayewatunza hawezi kula punje ya ukingoni, akanichagulia mwenyewe nono ya katikati.

Nikatafuna. Uchungu wa kidonge! Nikajaribu kutabasamu, uso ukakataa. Machozi, makohozi, nikatema mbele ya wazee wote. Mwenyeji kutema kahawa yake! Hakuna aliyepiga kelele, afadhali wangepiga. Mzee Mwijage aliniuliza tu wamenikosea nini, akachukua kofia yake.

Jumatano, 17 Oktoba

Hakuna mgonjwa anayekuja tena. Nilisimama sokoni nikaeleza kwamba ile ilikuwa dawa nzuri. Wakauliza, kama ni nzuri, niliificha ya nini. Nilirudi nyumbani.

Jumatatu, 22 Oktoba

Kokushubila kapita mbele ya mlango wangu kwenye mvua, mwanawe Joviana mgongoni, homa kali. Anakwenda Kemondo kwa miguu! Nilimkimbilia na mwavuli na dawa. Akaongeza mwendo. Mtoto huyo alizaliwa mikononi mwetu, na mama yake ananikimbia kama nyoka. Nimeumia. Laiti ningewaomba tu. Klaudia hakunisuta. Alininyang'anya mwavuli, akawafuata.

Ijumaa, 2 Novemba

Daktari kaja, kakuta benchi tupu. Hadubini ni ya Rugaibula. Utafiti wake? Aliwauliza watu kwa nini hawamezi kinga, akaandika walivyojibu. Basi! Joviana amepona, namshukuru Mungu, ila mama yake kasema hatarudi kwangu. Nimeitazama meza niliyoipiga rangi kwa ajili ya hadubini. Nimeweka birika.

Jumapili, 4 Novemba

Nimekwenda kumwomba radhi Mzee Mwijage. Kanipa akamwani, katangulia kutafuna yeye, taratibu, ili nione. Nililia pale pale. Kasema watu watarudi pole pole, mradi nisitie tena kitu ndani ya kitu. Nimeapa mbele ya mkewe.

Jumanne, 6 Novemba

Senene wameanguka! Kijiji kizima kiko nje na vikapu kikiwaokota panzi hao, hata Kokushubila anacheka. Nimewaza sana. Kosa halikuwa langu, lilikuwa la kahawa: kavu mno, uchungu hauna pa kujificha. Lakini senene wa kukaanga ana mafuta, ana chumvi, na tumbo lake lina nafasi. Tena hakuna desturi ya mwenyeji kutangulia kula senene.

Nimemwomba Klaudia kikaango. Kauliza cha nini. Nimesema njaa.