Kidhibiti cha Chrispin

Chrispin alisimamisha pikipiki yake stendi ya Shelui anywe chai tu. Lakini akamsikia Mama Mwanvua, mwenye duka la kuchapa na kutoa kopi, akiilaani mita ya luku mbele za watu kwa kumaliza umeme upesi, na chai ikasahaulika. Kwa Chrispin, mtu anayelaani mita ni mteja.

Alimwamkia shikamoo ya heshima zote, akajitambulisha kuwa mhandisi wa wingu, yaani makompyuta makubwa ya mtandaoni. Akaeleza kwamba kompyuta za mama zinakula umeme hata zikikaa bure, ilhali kule kwenye wingu kazi zote hukusanywa kwenye mashine moja, nyingine zikalazwa. Yeye anacho kidhibiti cha kufanya vivyo hivyo. Akakitoa: kasha la redio kuukuu lenye taa ya kijani.

"Jaribu bure wiki mbili, mama. Uniti zisipopungua, wenzako wa mchezo watanunua kila mmoja chake."

Hela ya mchezo, ile akina mama wa stendi wanayochangishana na kupeana kwa zamu, ndiyo hasa aliyoimezea mate.

Kidhibiti, tusifichane, kilidhibiti taa ya kijani. Kazi yote aliifanya Chrispin. Kila asubuhi alinunua umeme kwa simu yake, akaja "kukagua mfumo" na kubonyeza tarakimu kwenye mita, akidai ni nywila ya wingu.

Sasa, nani nchi hii asiyeujua mlio wa luku ikiingizwa? Mama Mwanvua aliusikia akiwa anachambua mchele, akaendelea kuchambua. Baadaye akamwambia Rukaya wa saluni kwamba elimu ya wingu ni nzuri, mradi ifuatwe.

Jioni hiyo Rukaya alihamishia madraya yake dukani kwa mama. Muuza juisi akaleta friza, fundi cherehani akaja na pasi. Mita zao zikalala fofofo.

Kesho yake Chrispin aliitazama mita ilivyokombwa uniti, akatafuta stuli akae. Akakumbuka hela ya mchezo, akanunua umeme tena. Akauza helmeti, kisha pikipiki yenyewe. Nilitaka kumhurumia, nikashindwa.

Wiki mbili zilipotimia, akina mama walimshukuru sana. Mama Mwanvua akasema wameketi wakaona vidhibiti vingi vya nini, wakati hiki kimoja kinawatosha wote. Si ndivyo alivyowafundisha?

Chrispin akaomba walau achaji simu, ampigie kaka yake aje kumchukua.

Mama akaitazama mita. "Uniti zimeisha, mwanangu. Weka kidogo, si nywila unayo?"