Jozi Moja Kabla ya Ijumaa

Umma wote unatangaziwa kwamba kuanzia Jumatatu, saa mbili kamili asubuhi, mapenzi yasiyo na maana yamefutwa.

Tangazo hilo lilisomwa na Mkurugenzi wa Idara ya Mahusiano mwenyewe, kwa ile sauti nzito anayoitunza kwa shughuli za kitaifa, mbele ya maikrofoni tatu ambazo mbili hazikuwa zikifanya kazi. Vijana, alieleza, walikuwa wakipendana kiholela. Mtu anaona picha kwenye simu, anatelezesha kidole, jioni wameshaitana mpenzi, wiki ya pili wanatukanana. Serikali haikuweza kufumbia macho uzembe wa aina hiyo. Kwa hiyo idara ilikuwa imeandaa programu ya simu ya kutafutia wenza, Mfumo Unganishi wa Mahusiano Yenye Maana, kwa kifupi MUMAYEMA.

Mheshimiwa Waziri alipiga makofi, akashika ile maikrofoni nzima.

"Nimefurahi sana," alisema. "Baada ya miezi miwili, siku ya Ijumaa, nitakuja kuona jozi moja. Moja tu, iliyopita hatua zote. Nikiiona, Mkurugenzi huyu atakuwa Naibu Katibu Mkuu. Nikiikosa, idara nzima inaingia chini ya Idara ya Mizani na Vipimo."

Watu walicheka wakidhani ni utani. Mkurugenzi hakucheka. Alimjua vizuri mkuu wa Mizani na Vipimo, mtu ambaye vikaoni hupima biskuti za wenzake kwa macho na kusema nani kazidishiwa. Kumwita mtu huyo "Mkuu"? Afadhali arudishwe masjala.

Lakini jozi moja ni kitu gani kwa mfumo alioubuni yeye mwenyewe? Kazi ndogo ya kuuandika kwenye kompyuta aliiacha kwa mtaalamu, binti ambaye ofisi nzima humwita Dada Mfumo. Binti huyo alikuwa amethubutu kuleta mchoro wake, ukurasa mmoja. Kila siku watu wawili wanaulizwa swali moja. Wakijibu wote, kila mmoja anasoma jibu la mwenzake.

"Fomu iko wapi?" Mkurugenzi aliuliza, akigeuza karatasi upande wa pili.

"Hakuna fomu, Mkuu. Wanaongea."

"Wanaongea tu? Nani anaidhinisha?"

Fomu ikawekwa. Ilikuwa na maswali arobaini na sita, wadhamini wawili wasio ndugu, na picha ya pasipoti ambayo mwenza haruhusiwi kuiona hadi hatua ya tatu, kwa kuwa uso, kwa mujibu wa utafiti wa Mkurugenzi, hupotosha maamuzi. Ujumbe nao haukutoka kwa mtu kwenda kwa mtu hivi hivi kama watu wasio na serikali. Ulipitia Dawati la Uhakiki wa Hisia, ukiwa umeandikwa kiofisi. Mfano ulibandikwa ukutani:

*YAH: KUKUKUMBUKA. Tafadhali husika na mada tajwa hapo juu. Napenda kukujulisha kuwa nimekuwa nikikukumbuka kwa kiwango cha kuridhisha. Nakutakia utekelezaji mwema.*

"Mkuu, watu watachoka," alisema Dada Mfumo.

"Ndiyo shabaha yenyewe. Anayechoka hakuwa na nia."

Akafunga kikao.

Palikuwa na jambo moja dogo tu la kiufundi. Kila fomu ilihitaji muhuri, na muhuri haupigwi kwenye simu. Hivyo mwombaji alijaza fomu kwenye simu, akaichapisha, akaileta ghorofa ya chini, akachukua namba, akakaa kwenye benchi la korido hadi Dirisha Namba Nne lilipomwita. Akishapigiwa muhuri aliipiga picha fomu na kuituma upya, na mfumo ukamjibu kwamba muhuri hausomeki. Akarudi.

Hadi wiki ya nane, watu elfu tatu mia mbili na kumi na wawili walikuwa wamejiandikisha. Waliofika hatua ya mwisho walikuwa sifuri. Afisa wa Dawati la Uhakiki alikuwa amepewa mapumziko na daktari baada ya kuzidiwa na hisia za watu. Ikafika Jumatano, na Mkurugenzi alikuwa akizunguka meza yake kwa mara ya kumi, mlinzi alipobisha hodi.

"Mkuu, samahani. Kule chini foleni inachumbiana."

"Inafanya nini?"

"Inachumbiana. Wengine wameshaleta wazazi."

Mkurugenzi alishuka ngazi mbili mbili. Korido ilikuwa imejaa. Watu walikaa wawili wawili kama njiwa, wengine kwenye benchi, wengine sakafuni, na kelele za vicheko zilikuwa za sokoni. Alimwendea mwanamume mmoja, fundi viatu kwa jinsi vidole vyake vilivyokuwa na gundi, aliyekuwa akimmenyea chungwa dada aliyevaa sare ya uuguzi.

"Ninyi mmejuana vipi?"

"Hapa hapa, Mzee," alisema fundi viatu. "Swali la thelathini na moja. Eleza udhaifu wako kwa maneno yasiyopungua mia mbili. Huyu alikuwa amekwama, akaniomba nimsaidie. Nikamwambia, mimi wangu ni kuropoka."

"Nikamwambia mia mbili zenyewe ameshazipita zamani, apumue," alisema muuguzi. "Tukacheka mpaka namba zetu zikapita. Kesho yake tukarudi. Zikapita tena."

Moyo wa Mkurugenzi ulipiga sarakasi. Jozi! Tena ya kuchekacheka, itakayopendeza kwenye picha.

"Sasa mmefika hatua ya ngapi?"

"Hatua ya posa. Wazee wameshakaa."

"Namaanisha kwenye mfumo."

"Ah, kwenye mfumo tuko ya kwanza. Muhuri wangu hausomeki."

Dada Mfumo, aliyekuwa akihudumia dirisha siku hizo, alitoa kichwa nje. "Wakitaka kuhesabiwa, Mkuu, ni lazima waanze upya. Halafu kuna kipindi cha uangalizi, siku thelathini bila kuonana. Uliweka wewe, ili kupima uvumilivu."

"Tusionane siku thelathini," muuguzi aliuliza taratibu, "ili serikali ijue kwamba tunapendana?" Akainuka, akaweka kiganja kwenye paji la uso la Mkurugenzi. "Baba, leo umekunywa maji?"

Korido nzima ikaangua kicheko. Mkurugenzi akajinasua kwa heshima ya cheo chake na kuuliza ni wangapi wenye tabia hiyo.

"Jozi arobaini na moja," Dada Mfumo alisema. "Ninawaona kutoka hapa. Kazi nyingine sina."

"Hawahesabiki hao. Ni mahusiano ya korido. Hayana kumbukumbu namba."

Saa sita mchana ukutani pakabandikwa tangazo: NI MARUFUKU KUFAHAMIANA KATIKA ENEO LA KUSUBIRIA. Bibi mmoja aliyesahau miwani yake alimwomba mzee wa jirani amsomee. Mzee akamsomea, akarudia kwa sauti ya kuigiza, na hadi saa tisa walikuwa wakitafuta mahali pa kunywa chai.

Siku ya Alhamisi maji yalikuwa shingoni. Hapo ndipo Mkurugenzi alipopata wazo, akashangaa kwamba akili kubwa kama yake ilichelewa hivyo. Jozi ilikuwako muda wote, na ilikuwa yeye. Miaka ishirini na sita ya ndoa, mapacha wawili waliosoma, hakuna kesi polisi. Akaongeza kifungu kipya, wenye ndoa ya zaidi ya miaka kumi waanzie hatua ya mwisho, ambayo ni Mahojiano ya Kupima Kina. Akakipendekeza, akakijadili, akakipitisha, yote kabla ya chai.

"Mama Mapacha," alimwambia mkewe jioni, "kesho nakuhitaji ofisini kwa masuala ya kitaifa. Vaa lile gauni la bluu."

Mkewe, mwalimu wa hesabu, aliinua macho kutoka kwenye madaftari ya wanafunzi. "Sina gauni la bluu, Baba Mapacha."

"Basi lolote linalokaribia."

Ijumaa, saa nne, Waziri aliketi kwenye kiti cha mbele, koridoni, kwa kuwa ndiko kulikokuwa na skrini kubwa. Foleni ilisimama nyuma yake, ikinyoosha shingo. Mkurugenzi na mkewe walipewa simu kila mmoja. Maswali yalikuwa ya Mkurugenzi mwenyewe, na alijaza majibu kwa kasi ya mtu anayetia saini mahudhurio. Mkewe aliandika taratibu. Kisha majibu yakatokea kwenye skrini, ubavu kwa ubavu.

*Mara ya mwisho mlicheka pamoja lini?* Mkurugenzi: Katika hafla ya idara, mwaka huu. Mkewe: Mapacha walipomfichia baba yao viatu. Walikuwa na miaka sita.

Mkurugenzi alikohoa.

*Mwenza wako anaogopa nini?* Mkurugenzi: Hana woga. Mkewe: Kustaafu. Huota yupo kikaoni na hakuna anayempa nafasi ya kuzungumza.

Waziri alimtazama Mkurugenzi kwa namna mpya. Huko nyuma fundi viatu akasema "Duh," na muuguzi akamkanyaga mguu.

*Siku hizi mwenza wa kike anashughulika na nini?* Mkurugenzi: Maendeleo. Mkewe: Najifunza kuogelea.

"Unaogelea?" Mkurugenzi alisahau kwamba yupo kazini. "Tangu lini?"

"Mwezi wa tano huu. Jumanne na Alhamisi."

"Si ulisema unakwenda vikaoni?"

"Nilisema nakwenda kuogelea. Ukanijibu, vizuri, niandalie taarifa fupi."

Kicheko kilianzia mwisho wa foleni na kufika kwa walinzi wa Waziri, ambao hawaruhusiwi. Skrini ikawaza kidogo, ikaandika: *ALAMA 11 KATI YA 100. MAHUSIANO HAYAJAANZA. HATUA INAYOFUATA: KUJITAMBULISHA, DIRISHA NAMBA NNE.*

"Mfumo una hitilafu," alisema Mkurugenzi.

"Hauna, Mkuu," Dada Mfumo alisema kwa upole kabisa. "Uliukagua mwenyewe mara sita."

Waziri akainuka, akawageukia wale waliosimama wawili wawili. Akauliza walikutania wapi, wakamwonyesha benchi. Alilizunguka, akalishika mgongo, akaliketia, na papo hapo akatangaza Mpango Mkuu wa Kitaifa wa Mabenchi, utakaosimamiwa na Dada Mfumo. Ingeundwa kamati ya kuchunguza urefu wa benchi unaofaa kwa mapenzi, na kwa kuwa urefu ni suala la vipimo, idara ingehamia Mizani na Vipimo Jumatatu.

"Na mimi, Mheshimiwa?" aliuliza Mkurugenzi.

"Wewe una fomu ya kujaza," alisema Waziri, na msafara wake ukaondoka.

Mkurugenzi alichukua fomu. Alipewa namba mia mbili na kumi na mbili. Mkewe alikuwa ameshakaa kwenye benchi, watu wamempisha nafasi. Akakaa pembeni yake, akafungua kalamu, akaanza kusoma maswali aliyoyatunga mwenyewe.

"Hapa wanauliza," alianza, akitazama karatasi, "mwenza wako hufurahia nini."

"Andika unachojua."

Kalamu ilining'inia. Koridoni watu walijifanya hawasikilizi, kazi iliyowashinda.

"Sijui," alisema hatimaye. Ilikuwa mara ya kwanza neno hilo kusikika ndani ya jengo lile kutoka kwa mtu wa cheo chake. "Hebu nieleze basi. Siku ya kwanza ilikuwaje, huko kwenye maji?"

Mkewe alimtazama kama anavyomtazama mwanafunzi aliyekuja na jibu sahihi bila kuonyesha njia. "Siku ya kwanza nilimshika mwalimu shingo nikagoma kumwachia. Mtu mzima, na kofia ya mpira kichwani kama yai."

"Kama yai?"

"Kama yai la bata. Halafu watoto wa darasa la pili wakaanza kunipigia makofi nijipe moyo."

Mkurugenzi alicheka. Kilikuwa kicheko kibaya, chenye kutu, kinachokwaruza, na kilimfanya mkewe naye aanze. Fomu ilidondoka chini, kuna mtu akaikanyaga, na hakuna aliyeinama kuiokota. Mkurugenzi alitaka kujua kuhusu kofia, na mwalimu, na kama maji huingia puani.

"Mia mbili na kumi na mbili!" Dada Mfumo aliita dirishani. "Mia mbili na kumi na mbili, mara ya pili!"

Mkurugenzi aliinua mkono bila kugeuka.

"Pitisha wengine, mwanangu," alisema. "Sisi ndiyo kwanza tunaingia kwenye maji marefu."