Nilivyoshindwa Kuwa Maiti

Leo nimedhalilika, tena nikiwa nimevaa suti niliyoishona kwa mkono wangu mwenyewe.

Naandika nikiwa chumbani kwangu hapa Msamala, mlango nimeufunga. Sebuleni yuko mama mkwe, na hatuzungumzi. Nimeona niwaeleze mwenyewe kabla hamjaipata kutoka saluni, maana huko wameshatia chumvi. Wanasema eti nilifufuka.

Mnaonijua mnanijua. Kwa wageni wa kundi hili: mimi ni fundi cherehani, na jicho langu halina huruma. Filamu ikianza, wenzangu wanatazama hadithi, mimi natazama makosa. Jamaa anaingia mlangoni na shati la bluu, anatokea upande wa pili wa mlango huohuo na shati la mistari. Mtu anahamia Ulaya, begi lake analinyanyua kwa kidole kimoja. Binti anaamka asubuhi kope za bandia zikiwa wima na midomo inang'aa, na mto haujapata hata doa. Wanakunywa chai kwenye vikombe ambavyo ukivisikia vinavyolia mezani unajua havina kitu. Saa ya ukutani inasema saa nne, mtu anageuza shingo tu, inasema saa tisa. Mke wangu Getruda aliacha kutazama filamu na mimi tangu uchumba. (Alisema yeye anapenda kulia na filamu, na mimi namkausha machozi.)

Lakini kosa ninalolichukia kuliko yote ni maiti inayopumua. Familia imezunguka jeneza, kwaya inaimba, mjane anazimia, na marehemu tumbo linapanda na kushuka kama mtu aliyetoka kukimbia.

Wiki iliyopita nililisema hilo mbele ya Mwalimu Zuberi. Huyu ni mwalimu wa sekondari aliyehamia Songea kutoka Tanga, na kila likizo anatengeneza filamu fupi anazoziweka mtandaoni. Alikuja kupunguza suruali. Nikamwambia filamu yake ya mwisho ina makosa kumi na saba, nikayataja yote huku nampima kiuno. La kumi na saba lilikuwa bibi aliyekufa, akapumua, halafu akajikuna.

Mwalimu alinisikiliza kwa upole mpaka mwisho. Akasema, "Fundi, filamu inayokuja ina msiba. Marehemu uwe wewe."

Mtu mwenye akili angecheka akarudi kwenye suruali. Mimi nikamjibu, "Mwalimu, nitakupa maiti ambayo Ruvuma haijawahi kuiona."

Na sikuishia hapo, nikatoa masharti. Nikataka msiba ufanyike nyumbani kwangu, kwa sababu nyumba za kwenye filamu hazina hata sufuria jikoni. Nikataka picha ya mezani iwe yangu kweli na msalaba uandikwe jina langu kamili, maana misalaba ya filamu huwa haina mwenyewe. Nikataka pamba puani. Halafu nikawageukia majirani waliokubali kuwa waombolezaji, wale ambao kwa kawaida hucheka na kuchungulia kamera, nikawapa semina. "Mtu yeyote akiwauliza chochote," nikawaambia, "hata akija mjumbe wa mtaa, nyie mko msibani. Msitoke msibani mpaka Mwalimu aseme."

Walinielewa vizuri sana. Hilo ndilo tatizo.

Leo asubuhi Getruda alikuwa anambeba mtoto wetu Batilda, miezi mitatu, kumpeleka kliniki kwa chanjo. Mimi nilikuwa kwenye kioo nahangaika na tai. Akasema jambo fulani. Nikajibu, "Sawa." Akaondoka.

Saa nne turubai lilikuwa limesimama uani, viti vimepangwa, akina mama wamekaa mkekani na khanga zao. Jeneza tuliazima kwa seremala wa mtaa wa pili, kwa sharti kwamba lisichubuke. Nikaingia. Niwaambie ukweli, mle ndani mabega yanabana, na suti ilinikaa vizuri kuliko harusini. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya kubana pumzi kwenye beseni siku nne mfululizo. Kamera ikinikaribia, nabana. Ikienda kwa mjane, navuta hewa kidogo kwa mdomo. Mpango safi.

Mjane wangu wa filamu alikuwa Salome, msusi wa saluni iliyo mkabala na kibanda changu cha kushonea. Akaanza kulia. Nikafumbua jicho moja.

"Salome, huna machozi."

"Fundi, marehemu haongei," akajibu.

Mwalimu akatuomba turudie. Nikafumba macho, nikabana pumzi, nikatulia kama gunia. Ndipo nikasikia kilio kutoka getini.

Hakikuwa kilio cha filamu. Kile kilianzia tumboni, kikapanda, kikavunjika katikati, kikaanza upya. Nikajisemea, hatimaye Mwalimu ameleta mtu anayejua kazi. Nilifurahi kwa moyo wangu wote.

Haya ya getini nimesimuliwa baadaye. Mama mkwe wangu alikuwa ameshuka kwenye pikipiki kutoka kijijini kwao Maposeni, mkononi jogoo, kichwani mfuko wa unga wa ulezi kwa ajili ya uji wa binti yake anayenyonyesha. Akaona turubai. Pale getini alisimama jirani yangu Ngonyani, mchomeleaji, ambaye kazi yake kwenye filamu ilikuwa kupokea wageni.

"Kuna nini hapa, baba?" mama akauliza.

"Tumefiwa, mama."

"Nani?"

"Mwenye nyumba. Fundi."

"Fundi Haule?"

"Huyohuyo, mama. Ghafla tu. Jana alikuwa anashona."

(Hilo la "jana alikuwa anashona" hakuambiwa na mtu. Aliongeza mwenyewe.)

Dereva wa pikipiki naye alisikia. Akavua kofia yake, akatikisa kichwa, akageuza pikipiki kurudi Maposeni na habari.

Mimi jenezani nasikia kilio kinakuja, najipongeza. Kikafika kwangu. Kikasema, "Baba Batilda, baba yangu, umeniachia nani?"

Hakuna mtu kwenye filamu ile aliyeandikiwa jina la Batilda. Na sauti ile naijua. Pale, kwa mara ya kwanza siku nzima, nikawa maiti kamili.

Lazima muelewe. Mama mkwe siyo mtu ninayetaniana naye. Miaka miwili ya ndoa, sijawahi kula naye meza moja. Namwamkia nikitazama chini, nauliza habari za mahindi, naaga. Na nilikuwa najua kwamba ukoo wao haukunitaka. Walisema nina mdomo. (Walikuwa sahihi.)

Nikapiga hesabu haraka. Nikinyanyuka sasa hivi, moyo wa mama unaweza kusimama. Nikitulia, Mwalimu atamwelewesha taratibu. Nikaamua kutulia. Mwalimu hakumwelewesha. Nilimsikia anamnong'oneza mpiga picha, "Usizime. Wallahi usizime. Tazama machozi yale."

Mama akaendelea, mikono yake imeshika ukingo wa jeneza, jogoo kwapani. "Nilikutetea mimi. Baba wadogo wa Getruda walisema huyu kijana mdomo wake hauna kifuniko. Nikawaambia mdomo siyo dhambi, tazameni mikono yake. Mikono ile inafanya kazi. Gauni alilonishonea, jumuiya nzima waliniuliza nimelinunua wapi. Sikukuambia, baba. Nilisema nitakuambia siku moja."

Sasa hapa nikiri kosa langu. Nilikuwa na nafasi ya kuamka. Lakini ni watu wangapi wanapata bahati ya kusikia sifa zao za msibani? Nikasema moyoni, acha amalizie kidogo.

Salome naye, masikini, alikuwa anafuata mafunzo. Akaona kuna mwombolezaji mpya amemzidi, akapandisha sauti. "Mume wangu! Umeniacha na nani, mume wangu!"

Mama akanyamaza. Uani pote pakanyamaza. Hata jogoo.

"Wewe ni nani?" mama akamuuliza.

Nikaomba Mungu Salome atumie akili. Akatumia semina yangu.

"Mimi ndiye mjane, mama."

"Mjane wa nani?"

"Wa marehemu huyu."

"Tangu lini?"

"Miaka sita, mama. Ameniachia watoto wawili." Ndivyo ilivyoandikwa kwenye filamu.

Nilisikia ukingo wa jeneza unaachiwa. Mama akavuta pumzi ndefu, kama mtu anayekunja mikono ya gauni. Aliporudi kwangu, kilio kilikuwa kimekwisha.

"Kumbe," akasema. "Kumbe mikono ilikuwa inafanya kazi na huku. Mimi nakutetea mbele ya ukoo, wewe una mji wa pili. Mwanangu yuko wapi? Mmemficha chumba gani, huku huyu amekaa mbele na khanga nyeusi? Yale niliyosema mwanzo nayafuta. Yote, na la gauni. Na lilikuwa linanibana kwapani."

Jamani, mtu anaweza kuvumilia mengi akiwa amekufa. Lakini gauni lile halikubana popote. Nilipima mara mbili.

Wala la gauni silo lililoniamsha. Kilichoniamsha ni kwamba baada ya kusema vile, sauti yake ilishuka kabisa, akasema kama anajisemea mwenyewe, "Sasa mwanangu nitamwambia nini?" Pale nikaona aibu. Aibu halisi, siyo ya kuchekesha.

Nikafumbua macho. Nikasema, "Mama, mimi sina mke mwingine."

Kwa sababu ya pamba puani sauti ilitoka kama ya mbuzi mwenye mafua.

Waombolezaji wakakimbia. Sijui kwa nini. Wote walijua niko hai, wengine nilikunywa nao chai saa mbili. Ngonyani alikuwa wa kwanza kutoka getini, na aliyemfuata aliondoka na nguzo moja ya turubai, likashuka upande mmoja kama kofia ya mlevi. Mama peke yake hakukimbia. Alikaa chini pale pale alipokuwa amesimama, jogoo mapajani, akanitazama nikihangaika kutoa mabega kwenye lile jeneza.

"Shikamoo, mama," nikasema.

Hakuitikia.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina," akajibu. (Hiyo mtu wa Maposeni ataiitikia hata kwa mwizi.) Kisha akauliza, taratibu kabisa, "Umekufa au hujafa?"

"Sijafa, mama. Ni filamu. Tunaigiza."

"Na huyu?"

"Salome, mama. Msusi."

Salome akapiga goti. "Shikamoo, mama. Hata watoto sina."

Ndipo Getruda akaingia kutoka kliniki, Batilda mgongoni. Akatazama turubai lililoanguka. Akamtazama mama yake aliyekaa vumbini. Akanitazama mimi, nimekaa jenezani, pamba puani, tai imenyooka. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Asubuhi nilikuambia mama anakuja leo," akasema. "Ukasema sawa."

Nilitoka jenezani nikamwomba mama msamaha kwa magoti yote mawili, suti ikala vumbi. Akaniacha pale muda mrefu kidogo kuliko inavyohitajika. Mwishowe akampa Getruda jogoo, akajifuta uso, akaingia ndani.

Nikadhani yamekwisha. Simu ikaita. Alikuwa katekista wa Maposeni.

"Naongea na nani?" akauliza.

"Haule."

"Haule yupi, kaka wa marehemu?"

"Hapana. Marehemu."

Akakata bila kuaga, kama kwenye filamu kabisa.

Mwalimu Zuberi aliniletea kamera nijitazame, akiwa amechoka kwa kujizuia kucheka. Aliniomba radhi sana, na alimwomba mama radhi dirishani, na ameahidi hataweka chochote mtandaoni bila ruhusa ya mama. Kisha akasema, "Lakini fundi, lazima nikuonyeshe." Nikatazama. Mama anasema mikono yangu inafanya kazi, na tumbo la marehemu linaumuka kama maandazi. Halafu, Mungu anisamehe, marehemu anatabasamu.

Jioni hii Getruda ameniletea ugali na paja la jogoo hapa chumbani. Nikauliza mama amesemaje. Akasema mama amekubali filamu itoke, ila nikiwa nataka kufa tena nimtumie ujumbe kwanza, maana machozi yake yana kazi nyingine. Kuhusu gauni amesema halibani. Alikuwa na hasira.

Kwa hiyo msinicheke, nina ukoo wa kutuliza. Na kama humu kuna mwenye namba ya dereva wa lori ambalo tumeambiwa limeshatoka Maposeni na wafiwa, mahindi na kuni za msiba, mwambieni ageuze. Yale mahindi na kuni wanaweza kushusha tu, tutavipokea kwa majonzi makubwa.