Gitaa la Kaboni na Ng'ombe wa Shangazi

Jumatatu, tarehe 7 Julai

Habari kubwa. Kwaya yetu ya Murara, hapa Goma, imealikwa Dodoma, kwenye mkutano wa kwaya. Mama Philomène, prezida wetu, ametangaza baada ya mazoezi kwamba basi lina kiti cha mpiga gitaa mmoja tu. Mmoja! Wote wakamgeukia Valentin. Hakuna aliyenigeukia mimi, Léopold Twagirimana, niliyeshika gitaa katika kwaya hii wakati Valentin bado anapiga makofi nyuma.

Wanasema Valentin anapiga vizuri. Mimi naona anapiga haraka. Si kitu kimoja.

Shida ni kwamba majirani wa hapa Majengo nimeshawaambia naenda. Niliwaambia wiki iliyopita, kwa uhakika kabisa. Mmoja ameniagiza zabibu. Nisipokwenda, uso huu nitauweka wapi?

Nimesoma kwenye simu habari za Dodoma. Ni pakavu. Pakavu sana. Nimesoma pia kuwa gitaa la mbao halipendi ukavu. Kuna wazo linakuja. Nalisikia.

Jumanne, tarehe 8 Julai

Wazo limefika. Nilimfuata Mama Philomène dukani kwake nikamweleza, kwa sauti ya huruma, kwamba hewa kavu hunyonya maji yaliyomo ndani ya mbao. Mbao hujikunja. Kisha uso wa gitaa hupasuka. Gitaa la Valentin ni mbao tupu, kwa hiyo litapasuka katikati ya ubeti wa pili, mbele ya wageni wote, na aibu itakuwa ya Goma nzima. Mama Philomène akaweka kikombe cha chai chini.

Akauliza tufanye nini. Nikakuna kidevu, kama wataalamu wanavyofanya. Kisha nikasema: gitaa la safari la fibre ya kaboni. Halina mbao, halinyonyi maji wala halitoi.

Akafikiri. Akaniita kwa jina la mwanangu, akasema, “Papa Umwiza, mwenye atakuya na gitaa yenye haiwezi pasuka, ule ndiye ataenda.”

Valentin hana habari. Maskini. Nilimsalimia njiani kwa upendo mwingi.

Jumatano, tarehe 9 Julai

Siku nzima ya utafiti. Nimeangalia video mpaka simu ikawa moto. Sasa najua mambo ambayo watu wengi wa mitaa yetu ya Karisimbi hawayajui. Kwanza, wauzaji ni wajanja: tumbo linaweza kuwa la kaboni na shingo ikawa ya mbao. Shingo ikijipinda, kaboni ya tumbo itakusaidia nini? Basi shingo nayo iwe ya kaboni. Pili, liwe dogo, liingie chini ya kiti cha basi, maana tutavuka mpaka wa Gisenyi na safari ni ndefu. Tatu, nimesahau ya tatu.

Nimemweleza yote haya kinyozi wangu. Akaniambia nisitikise kichwa.

Mchana, bahati! Mzungu mmoja wa mtaa wa Himbi anarudi kwao Ijumaa na anagawa vitu vyake. Kwenye picha niliyotumiwa kuna kitanda, feni, na gitaa jeusi la safari. Nimeikuza picha. Shingo ni ya kaboni.

Alhamisi, tarehe 10 Julai

Gitaa liko kitandani kwangu. Naandika nikiliangalia.

Mzungu alisema hataki kuliuza. Anataka abadilishane na kitu kitakachomkumbusha Kivu. Mtu mmoja alikuwa ameshaleta kinyago, mwingine kitambaa. Vitu vya barazani! Nikafungua simu nikamwonyesha picha ya Noeli: mimi na ng'ombe, kule Mushaki, milima ya Masisi nyuma yetu. Nikasema, nakupa huyu.

Na sikusema ovyo. Nilisimama. Nilifanya kama wazee wetu wanavyofanya: nikataja rangi yake, nikataja mama yake, nikamsifu pembe, nikasema mbele ya mlinzi wake Bagalwa na mpishi wake kwamba kuanzia leo ng'ombe huyu ni wako na wa watoto wako. Mlinzi na mpishi wakapiga makofi. Mzungu akalia machozi. Akanikumbatia, akanipa gitaa pamoja na mfuko wake.

Ng'ombe ni wa shangazi Pascasie, ndiyo. Lakini tufikiri kwa akili. Mzungu anaondoka kesho. Ng'ombe haingii kwenye ndege. Atabaki Mushaki akila majani yale yale, shangazi atakamua maziwa yale yale, na mzungu atabaki na picha na furaha. Nani ameumia? Mimi sijawahi kufanya biashara safi namna hii.

Jumamosi, tarehe 12 Julai

Mazoezi. Nikafungua mfuko polepole. Mama Philomène akauliza kama limekwisha kutengenezwa au bado. Valentin akasema linafanana na karai. Wivu.

Nikafanya maonyesho. Nililimwagia maji. Nililiweka juani juu ya mawe ya volkano tukiimba nyimbo nne. Mwishoni nikamwomba mwimbaji wa sauti ya nne, yule mnene, alikalie. Halikupasuka! Sauti zake ni nyembamba kidogo, nakubali, lakini hatuendi Dodoma kwa ajili ya sauti. Tunaenda kwa ajili ya kutopasuka.

Mama Philomène ameandika jina langu. Valentin akanipa mkono, akasema, “Safari njema, mukubwa.” Nilitaka akasirike. Amenikosesha nusu ya raha.

Jumatano, tarehe 16 Julai

Msiba.

Shangazi Pascasie amefika Majengo kwa pikipiki, bila kupiga simu, amevaa kitenge cha mazishi. Hakukaa. Aliuliza mara moja, “Léopold, ngombe yangu iko wapi?”

Nikasema iko Mushaki. Akasema hapana, iko kwa Bagalwa.

Mzungu, kumbe, kabla ya kuondoka alimpa mlinzi wake zawadi. Alikuwa na ng'ombe, akampa ng'ombe! Na Bagalwa si mtu wa kupoteza muda. Jumatatu alipanda Mushaki na kamba, na mpishi kama shahidi, na pombe ya ndizi ya kuwapa wazee. Akawasimulia maneno yangu yote, rangi, mama, pembe. Akasema, “Miye nilipewa ngombe, mama. Nimekuya kuichukula.”

Shangazi angeweza kukataa. Lakini mlima mzima ulikuwa umesikia kwamba mtoto wa nyumba yake ametoa ng'ombe kwa kinywa chake, mbele ya watu. Ng'ombe aliyetolewa hivyo harudishwi. Akirudishwa, nani ataoa kwetu tena? Nani atatupa hata maziwa? Akamfungua mwenyewe. Aliniambia kwamba ng'ombe aligeuka akamtazama. Hapo shangazi akalia, na mimi nikajisikia vibaya sana, kwa muda mrefu kiasi.

Kisha akauliza nilipata nini. Nikamwonyesha. Akaligonga kwa kidole. Akauliza linatoa maziwa kiasi gani.

Amelichukua. Amelifunga mgongoni kwa kitenge chake, kama mtoto, na pikipiki ikaondoka. Litakaa jikoni kwake Mushaki mpaka mimi nimrudishie ng'ombe mwenye pembe kama zile.

Ijumaa, tarehe 18 Julai

Basi limeondoka. Valentin dirishani, na gitaa lake la mbao magotini. Mama Philomène alisema watamwomba Mungu kuhusu ukavu. Nilipunga mkono. Nikarudi nyumbani kwa njia ya nyuma, lakini mtu wa zabibu alikuwa amekaa huko huko.

Jumanne, tarehe 22 Julai

Limepasuka!

Mama Philomène amepiga simu kutoka Dodoma. Ukavu ulilikamata siku ya pili, ufa kutoka tundu mpaka chini. Nilisema! Nani alisema? Mimi nilisema! Nilicheza peke yangu chumbani.

Halafu akaendelea. Waliimba bila gitaa. Vinywa tu. Akasema ukumbi wote ulisimama, watu walilia, kwaya haijawahi kusikika vizuri namna ile. Wote wamekubaliana, Valentin akiwa wa kwanza: kuanzia sasa kwaya haitakuwa na gitaa. Hata moja. Watabaki na ngoma peke yake.

Nimekaa chini. Nimefikiri kwa kina kuhusu maisha yangu.

Ngoma ni ya ngozi. Ngozi, nimesoma sasa hivi, haipendi unyevu, na Goma mvua zinarudi mwezi wa tisa. Italegea. Itatuaibisha. Kuna ngoma za plastiki ngumu ambazo hazijui mvua ni nini, na mama mmoja mzungu wa Himbi anayo moja. Nimeshaongea naye mlangoni. Anapenda sana mbuzi.

Shangazi anao wawili. Picha zao ninazo.