Sungura wa Ulaya na Nyumba Zangu Kumi

Tingi, Kilwa
Septemba 1994

Kwa Dk. Scholastica,
Mtafiti wa Virusi, Lindi.

Ndugu Daktari,

YAH: SUNGURA KUPEWA KAZI YANGU

Marahaba. Uliponiamkia pale shuleni sikuitikia kwa sababu sindano yako ilikuwa tayari mkononi mwangu na meno nimeyauma. Mimi ni yule mzee wa kofia niliyekaa mbele. Nilikuwa balozi wa nyumba kumi hapa Tingi mpaka vilipoingia vyama vingi, tukaambiwa balozi ni wa chama chake tu. Mwezi ujao tunachagua mwenyekiti wa kitongoji, nami nashindana na Yahya, muuza mitumba. Sitaki kushindwa na muuza mitumba. Kwa hiyo nalalamika:

1. Ulitufundisha kwamba virusi vikivamia chembe moja ya mwili, chembe hiyo hupiga yowe liitwalo interferoni, na chembe za jirani zikilisikia hutengeneza protini za kufungia milango. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Huo ni utaratibu wa nyumba kumi, Daktari, na mwili unautumia bila hata kututaja. Yahya anasimama kwenye mikutano kutukana mabalozi, kumbe ini lake limejaa mabalozi!

Na usinijibu kwamba ulikuwa unatoa mfano tu. Msomi akishatoa mfano mbele ya watu, mfano ni wa watu.

2. Kisha ukafungua sanduku la barafu, ukatoa kichupa kidogo kuliko cha wanja, ukasema humo mna kingamwili. Kwamba huko Ulaya sungura hudungwa protini hiyo ya mlangoni, damu yake ikatengeneza kingamwili za kuitambua, nanyi mkazinunua ili zije kuinasa protini hiyo kwenye damu zetu, mjue jirani gani alisikia yowe akafunga. Sungura! Hajawahi kutafuna jani la muhogo wa Tingi, leo anatolea ushahidi damu yangu. Mimi niliyejua kila mgeni aliyelala kwenye nyumba zangu, alikotoka na alichopikiwa, hukuniuliza neno. Hili ndilo soko huria: korosho zinatoka ghafi, mashahidi wanaingia na barafu.

3. Kama lazima awe sungura, basi awe wa hapa. Jirani yangu Adija anao. Mmoja nilimpiga teke mwaka jana, na mpaka leo akisikia kikohozi changu anajificha. Kwenye maabara yenu nani ana kumbukumbu kama hiyo?

4. Iwapo sungura anaaminiwa kwa kuonjeshwa kipande cha protini, mimi niliyepewa nyumba kumi nzima niaminiwe mara ngapi? Naomba basi barua yenye muhuri kwamba sayansi imechunguza na kukuta binadamu ameumbwa kwa nyumba kumi, na anayempigia kura Yahya anapingana na damu yake mwenyewe. Yahya naye apimwe kwa kichupa kile. Milango yake ikionekana inafungwa, ni mwenzetu, ajitoe. Isipofungwa, ni mgonjwa, ajitoe akatibiwe.

Naumia, Daktari. Zamani nikipita watu walisimama. Siku hizi hata baiskeli hawaniondolei njiani.

Nisalimie wote wa maabara, na dereva wenu tuliyemsukuma alipokwama mchangani. Hata sungura msalimie, ila asijione.

Ni mimi, mwenye nyumba zangu,
Abilahi Likwata

N.B. Barua hii ikiwa bado inasubiri gari la Lindi, jana mchana jiko la Adija lilishika moto, akapiga yowe. Mimi niliyeshika somo lako nikafunga mlango, nikatia komeo, nikatulia ndani. Wengine, kwa kutokuelewa sayansi, walitoka mbio na ndoo, Yahya akiwa mbele, wakauzima. Naomba umwandikie Adija pia. Nimemweleza habari za protini mara mbili, naye kila mara hunijibu kwamba nyumba nane zilifika, na ya tisa ilikuwa yake, inaungua.