Koma ya Juu na Firigisi ya Baba Nabwile

Jumamosi asubuhi Kemboi alifika kijiweni na habari kabla hata ya salamu. Kijiwe chenyewe ni benchi la mbao mbele ya duka la vipuri la Mzee Gurcharan, hapa Bungoma mjini, mkabala na steji ya magari ya Kitale. Kemboi wanamwita Ripota, kwa sababu simu yake haimalizi saa bila kumnong'onezea jambo.

"Wazee, mmesikia? Kaunti moja huko imeng'oa bango mpya ya barabara. Ati Kiingereza ya wingi ilikosewa. Waliandika 'childrens'."

"Sasa walitaka waandike nini?" akauliza Mzee Gurcharan, akipuliza chai yake.

"Mtoto mmoja ni child, wengi ni children," akasema Wakhungu, karani mstaafu wa korti ambaye benchi zima humwita Kamusi. "Kiingeleza iko na sheria. Ox moja, oxen nyingi."

"Na box?" akauliza Mzee Gurcharan.

"Boxes."

"Kwa nini si boxen?"

"Kwa sababu ng'ombe inapumua. Box haipumui."

"Na kondoo haipumui?" akadakia Ripota.

"Kondoo ni sheep. Ikiwa moja ni sheep, zikiwa mia ni sheep."

"Basi mwizi wa kondoo ana bahati huko korti yenu," akasema Mzee Gurcharan.

Wote wakacheka isipokuwa Levi, fundi wa kuchomelea vyuma. Leo alikuwa amevaa koti lake la harusi, na viatu amevipaka rangi hadi vinang'aa. Tangu mahindi yapandwe nyumba yake ilikuwa kimya, mkewe Lenah yuko kwao Myanga, na sababu ni jogoo. Levi alimuuza jogoo wa Lenah bila kumuuliza, kisha akatangaza mbele ya shemeji zake kwamba kila kilicho na mbawa kwenye boma ni chake. Akatoa barua mfukoni, imekunjwa na kukunjuliwa hadi inachanika.

"Kamusi, nisomee hii. Imetoka shule ya mtoto wangu Nabwile, huko Kitale."

Kamusi akavaa miwani, akaipeleka barua mbali na uso kama mtu anayekataa rushwa. "Parent's Day. Leo saa tano. Hapa umepatikana, bana. Unaona hii koma ya juu? Iko mbele ya esi. Hii ni siku ya mzazi mmoja. Wangetaka wawili, wangeiweka nyuma."

"Mmoja yupi?"

"Koma haisemi. Koma si chifu."

"Labda mwandishi amekosea tu," akasema Mzee Gurcharan.

"Shule ndiyo inafunza Kiingeleza, itakosea aje?"

Ripota akamgeukia Levi. "Si ulisema kila kitu yenye mbawa ni yako? Lenah naye akaota mbawa, akaruka Myanga. Huyo mzazi mmoja ni yeye."

Maneno hayo yalimchoma Levi. "Nabwile akiona mama yake amekuja peke yake, atajua tumeachana."

"Kwani hamjaachana?" akauliza Ripota.

"Sijui," akasema Levi. "Hilo ndilo nilitaka barua iniambie."

Kamusi akaona ni wakati wa hekima. "Mali ya mwanaume haihitaji koma. Kuku ikichinjwa, firigisi ni ya baba. Mama hagusi, watoto hawagusi. Siku ukinyimwa firigisi, ujue hapo kwako ni mgeni."

Alikuwa bado anatikisa kidole Lenah alipovuka barabara kutoka upande wa steji, kikapu mkononi.

"Hamjambo, wazee."

"Hatujambo, mama."

Levi akasimama, akaketi, akasimama tena.

"Baba Nabwile, unangoja nini? Gari ya Kitale inajaa."

"Barua inasema mzazi mmoja."

"Nani amesema?"

Macho yote yakamwendea Kamusi. Kamusi akayatumbukiza yake kwenye chai.

Lenah akaweka kikapu juu ya benchi, akafunua bakuli. Ndani mlikuwa na kuku wa kienyeji wa kumpelekea mtoto, na pembeni, kwenye kipande cha jani la mgomba, firigisi peke yake. Ripota akapiga mluzi mdogo. Levi alisikia kifua kikifunguka. Tangu kupanda hakuwa amevuta pumzi ya namna ile. Akanyoosha mkono.

Lenah akaichukua kwanza. Akaing'ata katikati, akatafuna polepole mbele ya wazee watatu na steji nzima, akameza, kisha akampa mumewe iliyobaki.

"Jogoo huyu nimefuga mwenyewe huko Myanga," akasema. "Hiyo nusu ni yako."

"Haijawahi kuonekana," akanong'ona Kamusi, miwani imemshuka hadi ncha ya pua. Akakohoa ili kumwonya Levi. Akakohoa tena.

Levi aliitazama ile nusu yenye alama za meno. Akaitia mdomoni, akatafuna.

"Chumvi imetosha," akasema. Akabeba kikapu, wakavuka barabara pamoja.

Ripota akamgeukia Kamusi. "Sasa mzee, hiyo firigisi tuandike aje? Koma inaenda mbele ama nyuma?"

Kamusi alikunja miwani, akaitia mfukoni, akaacha nusu kikombe cha chai.

"Mimi naenda nyumbani," akasema. "Wacha niangalie kama kuku zangu bado ni zangu."