Kiwanja Namba Kumi na Nne na Hapana Yangu ya Kwanza

Sletta, Minnesota
11 Machi

Kwa Ndugu Lyle Oberg,
Meneja, Kambi ya Ziwa Lenora

Ndugu Meneja,

Natumaini hujambo, na kwamba barafu ya ziwani imeanza kulegea. Mimi ni Orrin Tveit, yule wa trela nyeupe yenye mstari wa kahawia. Kwa miaka arobaini nimekuja kambini kwako, na kabla yako kwa baba yako, kila wiki ya kwanza ya Julai, kiwanja namba 14. Mke wangu ni Verna. Alifariki Oktoba iliyopita. Ulituletea kadi yenye picha ya bata, na ninakushukuru. Bado iko juu ya friji.

Sipendi kulalamika. Barua hii nimeianza mara nne, na mara tatu nimejikuta nakusifia vyoo vipya. Lakini mwaka huu tumekikosa kiwanja 14, na wanangu wawili wamekubaliana kwamba basi, trela iuzwe kabla Aprili haijaisha. Kwa hiyo naomba uniruhusu niyapange malalamiko yangu kwa namba, kama tulivyofundishwa shuleni.

1. Niliulizwa mara moja tu.

Tarehe 10 Februari, siku mnayofungua daftari la nafasi za kiangazi, nilipiga simu saa mbili kamili asubuhi. Alipokea karani wako mpya, Bi. Roxanne, ambaye nasikia ametoka New Jersey. Ana sauti changamfu. Akasema, "Mzee Orrin, naona kumi na nne iko wazi wiki yenu ile ile. Nikuandikie?"

Nikajibu kama atakavyojibu mtu yeyote aliyelelewa vizuri. Nikasema, "Aa, hapana, usijisumbue."

"Haya, sawa mzee!" akasema. Na hakujisumbua.

Ndugu Meneja, wewe ni mtu wa hapa. Unajua kwamba hapana ya kwanza ni salamu tu, na ya pili ni adabu. Ukiulizwa mara ya tatu ndipo unaposema, "Basi, kama kweli hakuna mwingine anayekitaka," na unapokea. Mimi nilimposa Verna mara tatu, alasiri moja, mezani kwa mama yake, kati ya kahawa na keki. Mara ya kwanza aliniambia nisijisumbue. Mara ya pili alisema hakosekani msichana anayenifaa zaidi yake, akanitajia wawili. Kama pale mezani angekaa Bi. Roxanne badala yangu, wanangu wasingezaliwa.

Hata siku zake za mwisho hospitalini, muuguzi alimuuliza kama anataka blanketi la pili. Verna akasema hapana, asante. Muuguzi akaenda zake. Ikabidi mimi nimuulize mara mbili zilizobaki, kisha nikaenda kulichukua mwenyewe kabatini. Simlaumu muuguzi. Nataka tu kukuonyesha kwamba jambo hili si dogo.

2. Niliagwa mara moja tu.

Bado ningeweza kujiokoa, kwa sababu sisi tunapoagana huwa kuna nafasi. Mtu anasema "Haya basi," anajipiga mapaja, anainuka, anazungumzia mvua, anafika mlangoni, anazungumzia goti la shangazi yake, anaingia ndani ya gari, anashusha kioo. Katika muda huo mambo mengi hurekebishwa. Verna na dada yake walimaliza ugomvi wa miaka sita kati ya mlango na gari. Mimi nilikuwa nimejipanga kukigusia tena kiwanja 14 tukifika kwenye goti. Bi. Roxanne akasema, "Siku njema, mzee," nikabaki na mlio wa simu sikioni.

3. Kiwanja kilipewa mtu mwingine.

Nilingoja siku mbili nisionekane mwenye pupa, nikapiga tena. "Oo, mzee wangu, kumi na nne imechukuliwa jana," akasema Bi. Roxanne. "Watu watano, wana trela. Ila hamsini na tatu ipo, pale karibu na vyoo."

Sikuuliza ni nani, maana hayanihusu. Lakini nimelifikiria sana, na nimeona kwamba mtu anayeweza kusema "ndiyo" mara ya kwanza anapoulizwa lazima atakuwa ametoka Iowa, jimbo la jirani. Sina neno na watu wa Iowa. Wana mahindi mazuri. Ila tazama mbele kidogo. Ikiwa kila kiwanja atapewa anayesema ndiyo kwanza, baada ya miaka mitano kambi nzima itajaa watu wanaojua wanachokitaka, na wanaokisema kwa sauti. Nani atabaki wa kumwachia mwenzake kipande cha mwisho cha keki? Nani atakikata kipande hicho nusu, na mwingine aje aikate nusu hiyo, mpaka sahani ibaki na kitu ambacho hata sisimizi hatakikaribia? Ziwa litakuwa lile lile, lakini watu watakuwa wameshiba.

4. Siwezi kuingiza trela kwenye kiwanja kingine chochote.

Unajua ilivyo pale kambini. Gari linalovuta trela likitokeza tu kwenye kona, watu hutoa viti vyao vya kukunja wakakaa kutazama nani atakosana na mkewe. Mimi na Verna hatukuwahi kuwapa burudani hiyo. Nilipopiga rivasi yeye alisimama nyuma, upande wangu, amevaa kofia ya ukindu. Hakupiga kelele. Akigusa kofia, niende kulia. Akigusa kiwiko, niende kushoto. Nikiwa nimeharibu kabisa, alivua miwani akaifuta taratibu, nami nikajua nitoke nianze upya. Yule bwana wa kiwanja 12 aliwahi kutulalamikia: "Nyie watu mnaboa! Gombaneni hata kidogo, wenzenu tumeacha samaki motoni."

Novemba nilijaribu na binti yangu Corliss kwenye uwanja wa kanisa. Alisimama nyuma akipiga kelele. "Kushoto, baba! Kushoto! Siyo kushoto kwako, kushoto kwangu! Hapo hapo! Nimesema hapo hapo! Baba, simama, hilo ni bango la mchungaji!" Mchungaji alitoka, akalizunguka bango mara mbili, akasema halikuumia sana, na kwamba kwa muda mrefu alikuwa akifikiria lingependeza likiinama kidogo.

Kiwanja 14 ndicho pekee ninachoweza kuingia bila mtu nyuma. Njia yake imenyooka, na ule msonobari una kovu la pale tulipouchubua mwaka wa kwanza. Nikiliona kovu katikati ya kioo, najua niko sawa. Hamsini na tatu iko konani, na nyuma yake ni vyoo. Vyoo ulivyovijenga ni vizuri, Ndugu Meneja, na nisingependa kuingia kwa namna hiyo.

5. Familia yangu haina uwezo wa kuchagua mahali pengine.

Januari tulikaa mezani kwangu kupanga safari. Corliss alikuja na mumewe na bakuli la viazi na nyama ya kusaga. Nikauliza, "Haya, mwaka huu twende wapi?"

"Popote tu, baba," akasema Corliss. "Mnapopapenda nyinyi."

"Mimi sina shida," akasema mwanangu Dale.

"Sawa, lakini wewe unapenda wapi?"

"Pale pale mnapopenda."

Tuliendelea hivyo saa nzima. Zamani Verna alikuwa akitusikiliza mpaka viazi vipoe, kisha anainuka na kuandika "Lenora" kwenye kalenda ya ukutani. Kalenda ya mwaka huu ipo. Mwezi wa Julai ni mweupe.

Aliyesema kitu ni mkwe wangu Odalys, mke wa Dale, mtu wa Florida. "Mimi naitaka kumi na nne," akasema. "Mama aliipenda, na mimi naipenda. Kwani nyie mna nini?" Sote tukatazama sahani zetu. Dale akamsogezea mkate. Ikaamuliwa kwamba mimi nitapiga simu, na yaliyonipata unayajua.

Jumapili moja baada ya ibada niliwaambia Corliss na Dale kwamba tumekikosa. Odalys alikuwa kazini, kwenye duka la mikate. Corliss alitokwa na machozi, akasema ni mafua. Dale akachezea funguo zake, akasema, "Labda imetosha, baba. Bila mama, labda tuiuze trela tu, tuwe tunakutana hotelini siku moja." Nikasema, "Mnavyopenda."

Ndugu Meneja, walilichukua neno hilo kama lilivyo. Wanangu wa kuwazaa, waliokulia hapa hapa, hawakuniuliza mara ya pili. Jana Dale ameniambia anakuja Jumamosi kuipiga picha. Ndani yake bado kuna kopo la kahawa lenye vibanio vya nguo vya Verna, thelathini na kimoja. Cha thelathini na mbili kilianguka ziwani tukiwa bado vijana, na kila Julai, akianika taulo, alitazama majini akasema, "Kiko pale."

6. Hesabu ya haki yangu.

Kutokana na hayo yote, nimekaa nikapiga hesabu. Ikiwa hapana tatu ndizo zinazokamilisha ndiyo moja, basi hapana yangu ya tarehe 10 Februari ni theluthi ya ndiyo. Na ikiwa ni theluthi ya ndiyo, basi tangu siku hiyo mimi ni mwenye theluthi ya kiwanja 14, na bwana wa Iowa ameshikilia mali ambayo si yake yote. Simdai theluthi zake mbili. Nadai ile yangu, upande wa msonobari.

Nimepima kwa hatua zangu. Kwenye theluthi hiyo itaingia ndoano ya trela, jiko, na nusu ya kitanda. Nusu hiyo ni ile yangu. Nyingine itaning'inia kwa jirani, lakini haitamsumbua, maana siku hizi haina mtu.

Kwa heshima zote, basi, naomba mambo matatu. Kwanza, ubandikwe ujumbe juu ya simu ya ofisi, wenye herufi kubwa, ukisema kila mteja aulizwe mara tatu, na anapoaga aulizwe habari za goti. Pili, uende mwenyewe ukamuulize bwana wa Iowa kama kweli anakitaka kiwanja 14. Akisema ndiyo, muulize tena. Akisema ndiyo tena, vua kofia, utazame chini, umuulize mara ya tatu. Hakuna mtu anayeweza kusema ndiyo mara tatu bila kuona haya, hata huko Iowa. Tatu, kama atashinda, uchore mstari wa chokaa unaoitenga theluthi yangu, nami naahidi kwamba mimi na familia yangu hatutauvuka ila kwa kukaribishwa, tena kwa kukaribishwa vya kutosha.

Nisalimie mama yako, na umwambie chapati zake za viazi bado tunazisema. Nisalimie bwana wa kiwanja 12 na viti vyake, yule dada anayeuza minyoo ya kuvulia, mbwa wenu ikiwa bado yu hai, Bi. Roxanne, ambaye sina kinyongo naye hata kidogo, na bwana wa Iowa pamoja na wote wa nyumbani kwake.

Ni mimi, ninayeomba bila kukuharakisha,

Orrin Tveit

Nyongeza: Barua ilikuwa tayari ndani ya bahasha, na nimeifungua tena kwa mvuke wa birika. Dale alikuja kupiga picha. Aliporudi kwake na kamera, Odalys akamuuliza za nini, na dakika tano baadaye simu yangu ikalia.

"Baba," akasema, "mnauza trela kwa sababu gani?"

Nikamweleza kwamba kumi na nne imechukuliwa.

"Si nimeichukua mimi! Nilipiga siku ya pili baada ya daftari kufunguliwa, yule dada akaniuliza, nikasema ndiyo, akaniandika. Watu watano. Nilisema pale mezani kwamba naitaka. Mtu akisema anakitaka kitu, si anakwenda kukichukua?"

Nikasogea dirishani na simu. Akasema, "Haya, mimi nina mikate kwenye oveni. Julai unakuja au huji?"

Mdomo wangu ulikuwa umeshaanza kumwambia asijisumbue. Ninaujua unavyojikunja. Lakini nilikuwa nimesimama dirishani, na trela iko uani, Dale ameiosha ili ipendeze kwenye picha, na niliogopa kwamba huyu mtoto hataniuliza tena.

Nikasema, "Nakuja."

Mara ya kwanza, Ndugu Meneja. Nina miaka sabini na mmoja. Nilikaa chini baada ya hapo. Nimempigia tena kumwomba radhi kwa kumjibu kwa ghafla vile, akacheka, akasema tayari amemwambia Dale afute picha.

Kwa hiyo tafadhali yafute yote, namba moja mpaka sita, na mstari wa chokaa usichorwe. Bwana wa Iowa nimemsingizia, na kama yuko mmoja pale kambini, mwombe radhi. Barua naituma hata hivyo kwa sababu stempu imeshashika. Tutafika Jumamosi ya kwanza ya Julai, wote watano. Huna haja ya kutuandalia chochote. Nikumbuke tu, na umkumbuke na Verna.